Kazi Hurudi kwa Mwenyewe

Mwalimu wa michoro alikuwa na tabia ya kuhesabu kwa midomo bila kutoa sauti, na mimi mtu anayehesabu bila sauti simwamini. Nilifanya naye kazi katika shule moja ya msingi pale Kibaha kwa miaka kumi na minne, yeye darasani, mimi kwenye meza ya karani, mlango wangu ukitazamana na dirisha lake. Nilimwona akiingia na nilimwona akitoka, na kila jioni nilitamani kujua kuna nini ndani ya lile begi lake la turubai. Wenzangu walisema nina macho makali. Macho yangu ni ya kawaida tu, ila nayatumia.

Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye rangi iliyoganda kwenye kucha hata siku za sikukuu. Kwa watoto alikuwa mpole mpaka unachoka kumsikiliza. Mtoto akichora ng'ombe mwenye miguu mitano, mwalimu anachuchumaa na kuuliza huo wa tano unafanya kazi gani, na mtoto anaeleza, na mwalimu anasikiliza kama anasomewa taarifa ya habari. Kwa sisi watu wazima alikuwa na neno moja moja. Ukimwamkia, "Mwalimu, habari za asubuhi," anajibu, "Zipo." Basi. Nikawa najiuliza mtu huyu anaokoa maneno yake ya nini.

Kila mwaka alisimamia maonyesho ya kazi za wanafunzi, wiki mbili nzima, katika ukumbi wa kuazima karibu na barabara ya Morogoro. Kulikuwa na picha kwenye manila, vikapu vya ukili, magari ya waya, mitungi ya udongo iliyopinda shingo. Maofisa walikuja, wazazi walikuja, waliokuwa wanasubiri basi la kwenda Dar waliingia kupoteza muda. Hayo yapo shule nyingi. Kilichokuwa chake peke yake ni kurudisha. Kwingine maonyesho yakiisha picha hubaki ukutani mpaka zipauke, au utazikuta zimefungia maandazi. Yeye alikuwa na Siku ya Kurudisha, Jumamosi baada ya kufunga, na siku hiyo ilikuwa na sheria nyingi kuliko harusi.

Mzazi au mlezi alitakiwa kuja mwenyewe. Mtoto anasimama mbele yake, anashika kazi kwa mikono miwili, anasema, "Hii ni kazi yangu. Nimeitengeneza mimi." Asiposikika, mwalimu anamwambia, "Sauti. Mwenye nyumba hajasikia." Anarudia. Ndipo mzazi anapokea, anatia sahihi au dole gumba kwenye kaunta buku lenye jalada la gazeti, na mwalimu anahesabu kwa midomo. Nilimuuliza mara moja kwa nini asiwape tu watoto waende nazo. Akasema, "Kazi hurudi kwa mwenyewe, na nyumbani kwake wajue ni yake." Hiyo ndiyo sentensi ndefu aliyonipa mwaka ule.

Siku hiyo nilikuwa nakaa pembeni nikijifanya napanga vibandiko, kumbe naangalia. Nilimwona baba mmoja aliyetoka zamu Kwala, bado amevaa koti lake la kung'aa la kazini, akipokea picha ambayo mtoto wake amemchora amelala mezani, kichwa kando ya sahani. Yule baba aliitazama kwa muda, akasema, "Kweli nalala hivi?" Mtoto akasema ndiyo. Baba akatia sahihi. Nilimwona pia mama mmoja aliyeikunja picha mara nne ili iingie kwenye mkoba. Mwalimu alimfuata mpaka getini, akaitoa, akaikunjua, akailaza kati ya vipande viwili vya boksi, akafunga kwa kamba. Mama alikasirika, maana alikuwa na safari ya sokoni na sasa amebeba boksi. "Mwaka kesho njoo na boksi lako," mwalimu akamwambia. Mimi nikasema moyoni, ana hamu gani na makaratasi ya watoto wa watu?

Wasiokuja aliwafuata. Jumamosi zilizobaki za muhula aliwafuata mmoja mmoja, Mlandizi, Ruvu, hata kuvuka upande wa Kisarawe kwa wale waliokaa Kibaha kwa ndugu ili wasome. Akirudi Jumatatu alikuwa na machungwa, mihogo, mara moja kuku. Naam, nikajisemea, siri ndiyo hii. Mtu hazunguki wilaya mbili kwa ajili ya sahihi. Nikaanza kuangalia kama wanaofuatwa ni wale wenye kuku. Haikuwa hivyo, lakini sikuacha kuangalia.

Siku moja ofisa mmoja aliyefungua maonyesho aliipenda picha ya mitambo ya maji ya Ruvu, akasema itakaa vizuri ofisini kwake. Alisema kwa sauti, wageni wakasikia, mwalimu mkuu akacheka kwa kukubali. Mwalimu wa michoro akapanda kiti, akaibandua picha, akaiweka begini. "Mwenyewe yuko darasa la sita," akasema. "Akikupa, utapewa." Mwalimu mkuu alikunywa soda yake yote kwa mkupuo mmoja. Watu walisema ana msimamo. Mimi nilisema ameshamwahidi mtu mwingine.

Lakini mtu huyohuyo, mlinzi wa mali za watoto, hakuwahi kurudisha kitu alichoazima kwa mtu mzima. Aliazima mwavuli wa mwalimu wa hisabati, ukaenda. Aliazima mkasi wa mpishi, ukaenda. Stepla yangu, chuma kizito cha kijani, aliiomba asubuhi moja "dakika tano tu", na dakika hizo zilipita miaka. Ukimkumbusha, anasema, "Ipo." Na kwa mwalimu wa michoro, mwenyewe alikuwa hachori. Kama alichora, hakuna aliyeona. Nilishamvizia nikamkuta anapiga mistari kwa rula, basi. Nani asingemtilia shaka mtu wa namna hiyo?

Vibandiko vya maonyesho nilikuwa naviandika mimi, kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa. Yeye analeta orodha, mimi naandika: namba, jina la kazi, darasa. Majina hayakuwekwa mbele ya watu, yalibaki kwenye kaunta buku. Niliandika mamia ya vibandiko hivyo bila kuziona kazi zenyewe. Ndiyo maana mwaka ule niliandika kwa mkono wangu NAMBA 63. MTOTO WA MTI. DARASA LA TANO, nikapuliza wino ukauke, nikaendelea na namba sitini na nne.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa anaishi kwangu akisoma darasa hilo la tano. Watoto walikuwa wameambiwa walete kazi ya mkono inayohusu kwao. Mwisho wa wiki alikwenda Kisarawe kwa bibi yake, yaani mama yangu mzazi, na akarudi na furushi. Sikulifungua. Mimi ninayefungua macho kwa kila mtu, furushi la nyumbani kwangu sikulifungua.

Nililiona Alhamisi ya wiki ya kwanza nilipopeleka vibandiko vya akiba ukumbini. Katikati ya magari ya waya na mitungi, ndani ya kabati la kioo, alikuwa amesimama mwana hiti wetu.

Nieleze kwa asiyejua. Kwetu Uzaramoni, mwali akiwekwa ndani hupewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, chenye kichwa na nywele za kuchongwa. Mwali humpaka mafuta, humlaza, humtunza kama mwanawe mpaka siku ya kutolewa. Wengi siku hizi wameacha, au wanafanya kwa wiki moja tu kabla ya harusi. Sisi tumepunguza siku, lakini mwana hiti hatukumwacha. Alipita kwa shangazi zangu, akapita kwangu, na anakaa kwenye sanduku la mama. Akipotea, wazee wanasema mwali aliyekuwa ampokee atasumbuka kupata watoto. Usiniulize kama naamini. Nilikaa naye, nina watoto watatu, na sikutaka mtu wa nyumbani kwetu ajaribu kinyume chake. Na dada yake huyu mtoto, aliyekwishamaliza kidato cha nne na kuposwa, alikuwa anaingia ndani Jumamosi ya wiki iliyofuata. Siku ya Kurudisha ilikuwa Jumamosi moja baadaye.

Jioni ile nilimkalisha mtoto kitandani. "Umekitoa wapi?"

"Kwenye sanduku la bibi." Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. "Shangazi, mtungi wangu ulipasuka. Nilikosa cha kupeleka."

"Bibi anajua?"

"Hajui."

Nilitaka kumchapa, nikakosa nguvu. Niliogopa. Kumpigia mama simu nimwambie sanduku lake halina kitu, siku tisa kabla, nisingeweza. Na kumwendea mwalimu kusema ukweli nisingeweza pia, kwa sababu mambo haya hayasemwi mbele ya mwanamume, tena mgeni, mtu wa bara. Kwa hiyo nikaamua kufanya ninachojua, nikaangalia pa kupenya.

Jumanne ya wiki ya pili, saa ya chakula, ukumbi ukiwa mtupu, nilichukua bunda la funguo za ofisi nikajaribu moja baada ya nyingine kwenye kufuli la kabati. Nilikuwa kwenye ya tatu nilipomsikia nyuma yangu.

"Bi Karani. Unatafuta nini?"

"Namba sitini na tatu," nikasema. "Ya mtoto wa kaka yangu. Nilitaka niitangulize nyumbani."

"Siku ya Kurudisha bado."

"Najua, Mwalimu. Ina haraka kidogo."

"Haraka ya nini?"

Nikazishikashika funguo. Ningemwambia nini?

"Nani ameitengeneza?" akauliza.

"Mtoto."

"Kwa kisu gani?"

"Kisu... cha jikoni."

Aliutazama ule mti kupitia kioo, akanitazama mimi, halafu akatazama funguo mkononi mwangu. "Huu mti umetuzidi umri sote wawili," akasema. "Nenda kazini, Bi Karani."

Nilirudi ofisini nimejaa hasira. Yaani mimi, niliyemwangalia yeye miaka yote hiyo, leo ndiye ananiangalia mimi! Na kesho yake asubuhi nilipopita ukumbini kabati lilikuwa wazi. Magari ya waya yapo, mitungi ipo, kibandiko changu kipo. Namba sitini na tatu hayupo. Mlinzi wa ukumbi aliniambia kuwa juzi kulikuwa na bwana mwenye kamera aliyekaa mbele ya kabati lile muda mrefu na kuuliza kama kile kinyago kinauzwa. "Mwalimu akamjibu nini?" nikamuuliza. "Sikusikia," akasema, "walisogea pembeni."

Sikuhitaji zaidi ya hapo. Mwalimu siku hiyo aliomba ruhusa, hakuwepo kazini, na kwangu hilo lilifunga hesabu. Begi la turubai, safari za Jumamosi, kuhesabu kwa midomo, vyote vikapata maana. Nilichukua karatasi, nikaandika: MWALIMU WA MICHORO ANAUZA KAZI ZA WATOTO. ULIZENI NAMBA 63 IKO WAPI. Sikuweka jina. Niliandika kwa herufi kubwa ili mwandiko wangu usijulikane, nikaisukuma chini ya mlango wa mwalimu mkuu, aliyekuwa kwenye semina Dar mpaka Jumatatu.

Ijumaa nilikwenda Kisarawe kumkabili mama. Njia nzima nilipanga maneno na yote yalinipotea uani. Nilimkuta mama ameketi kwenye mkeka, kichupa cha mafuta ya nazi kando, na mapajani mwake, juu ya kanga, alikuwa mwana hiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa. Wenzio wamefika tangu juzi."

"Wenzangu gani?"

"Mwalimu wenu na mkewe. Mkewe si wa huku huku, wa Mzenga? Ndiye alomleta, kamfunga vizuri kwenye kanga mpya. Mume hata uani hakukanyaga. Kakaa kule barabarani na bodaboda, maji kayanywea huko huko." Mama aliendelea kupaka mafuta kile kichwa kidogo. "Yule mtoto alimwambia kila kitu. Kaulizwa taratibu, kasema."

Nikakaa chini. "Mbona hukunipigia simu?"

"Mambo ya ndani yanapigiwa simu tangu lini? Tena nilikuwa nangoja wewe uje useme kwa kinywa chako."

Kwa hiyo mwalimu alimuuliza mtoto, akamwamini. Mimi hakuniuliza tena, kwa sababu alinikuta na funguo mkononi. Kwa macho yake mwizi nilikuwa mimi, na ningekuwa yeye ningewaza hivyo hivyo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mwali aliingia ndani Jumamosi, nyimbo zikaimbwa, nami niliimba huku nikiifikiria ile karatasi chini ya mlango.

Jumatatu niliwahi kazini nikidhani nitaiokota. Mwalimu mkuu alikuwa amewahi zaidi. Kikao cha walimu kikaitwa saa nne, na mwandishi wa muhtasari wa vikao vyote vya shule ile alikuwa karani. Nilikaa mwisho wa meza na kalamu yangu. Mwalimu mkuu akaisoma barua, akaigeuza kuwaonyesha watu, akaiweka mezani.

"Mwalimu, namba sitini na tatu iko wapi?"

"Imerudi."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenyewe."

"Sahihi iko wapi?" Kaunta buku lilikuwa wazi mbele yao, na mstari wa sitini na tatu ulikuwa mtupu.

"Haina sahihi. Imerudi. Zaidi ya hapo siwezi kusema."

"Mwalimu, unajiharibia."

"Najiharibia," akasema.

Katika chumba kile watu wawili tu walijua kwa nini hasemi. Alikuwa ameambiwa na mkewe kwamba mambo yale si ya kutajwa kikaoni mbele ya wanaume, naye akayaheshimu kuliko jina lake. Ningeweza kusimama. Ningeweza hata kusema, "Mwalimu mkuu, naomba tuongee pembeni." Kalamu ilikuwa mkononi, na mkono ukaandika: Mwalimu hakutoa maelezo. Nilisubiri anitazame. Hakunitazama. Alinyoosha mkono akachukua ile barua. "Hii naomba nikae nayo."

"Ya nini?"

"Ni kazi ya mtu," akasema, na kwa kuwa hakuna aliyeitaka, wakamwachia.

Maonyesho akanyang'anywa. Siku ya Kurudisha ya mwaka ule haikufanyika. Mwalimu aliyepewa jukumu alitangaza mstarini kwamba kila mtoto akajichukulie, wakavamia meza, wakachana, na zilizobaki zikatupwa kwenye stoo ya michezo, pale bati lilipokuwa na tundu. Masika hayakuchelewa. Wazazi walikuja kwenye meza yangu wakiulizia, maana mlango wa karani ndio wa kwanza ukitoka getini. Yule mama wa mkoba alikuja na vipande viwili vya boksi chini ya kwapa. "Nimekuja na boksi langu," akasema akicheka, "mwalimu asije akanigombeza tena." Nilimwambia utaratibu umebadilika. Alisimama kidogo, akaliegemeza boksi ukutani kwangu, akaondoka. Sikulitupa lile boksi, na sikuweza kulitazama pia.

Wiki hiyo nilimwona mwalimu kupitia dirisha akitoa manila zilizolowa stoo, moja moja, akizianika kwenye kamba ya goli. Zilizopona alizifunga akaondoka nazo kwa baiskeli. Na mimi, kwa yote niliyokuwa nimekwishajua, nikashtukia najiuliza anazipeleka wapi. Tabia haina haya. Aliendelea kufundisha miaka mitatu mingine hadi kustaafu. Akipita mlangoni kwangu nilimwambia "Mwalimu, habari," naye akajibu "Zipo," kama zamani, wala hakuleta tena orodha ya vibandiko.

Mwaka huu, yule mtoto wa kaka yangu, ambaye sasa anasoma chuo, alinipigia simu. "Shangazi, nimekutana na mwalimu wa michoro Mlandizi. Bado anazungusha zile kazi za mwaka ule, anasema zimekaribia kwisha. Yangu alishaniletea."

"Yako ipi? Wewe hukuwa na kazi."

"Mtungi wangu uliopasuka. Niliutupa nyuma ya darasa, aliuokota akaugundisha." Akaongeza, "Anasema na yako iko kwake. Uifuate."

Sikulala vizuri siku mbili. Kazi yangu gani? Nikawaza ni mtego, nikawaza ameita watu. Nikawaza labda ni stepla, anataka kunirudishia, na wazo hilo likanipa nguvu ya kupanda gari.

Anakaa Ruvu, nyumba ya matofali isiyopigwa lipu, bamia na mchicha mpaka dirishani. Mkewe alikuwa uani anapepeta mchele. Nilimwamkia, akanipokea vizuri, akanionyesha mlango kwa kidevu na kuendelea na ungo wake. Mwalimu alikuwa mezani. Amekonda, jicho moja limeingia ukungu, lakini kucha zina rangi. Juu ya meza ilikuwa stepla yangu ya kijani, imekandamiza karatasi zisipeperuke. Niliitambua mara moja. Yeye hakuigusa, na mimi sikuitaja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja."

Alifungua kaunta buku lile lile, jalada la gazeti limebadilishwa. Akapitisha kidole kwenye kurasa za mwaka ule, midomo ikihesabu. Sahihi, sahihi, dole gumba, sahihi. Mstari wa sitini na tatu ulikuwa mtupu bado. Chini kabisa, baada ya namba ya mwisho ya watoto, alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa mkono wake: Barua. Karani.

Akainama, akatoa chini ya meza vipande viwili vya boksi vilivyofungwa kwa kamba. Akafungua. Karatasi yangu ilikuwa katikati, imenyooka, haina hata mkunjo. MWALIMU WA MICHORO ANAUZA KAZI ZA WATOTO. Herufi zile zile, wino ule ule mzito. Miaka yote nilimwandikia vibandiko kwa herufi hizo, na siku ile nilidhani naficha mwandiko wangu kwa mwandiko pekee alioujua.

"Ulijua tangu siku ile," nikasema.

"Kabla haijafika mwisho kusomwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Si yangu. Nilikuwa naitunza." Akasukuma karatasi kuelekea kwangu. Halafu akafanya jambo ambalo nilikuwa nimelitazama mara nyingi nikiwa pembeni na vibandiko vyangu. Akanionyesha sakafu mbele ya meza. "Simama pale. Ishike kwa mikono miwili."

Nilitaka kukasirika. Nina wajukuu wawili. Lakini magoti yalikwishanisimamisha, na mikono ikaishika. Nikatazama mlango, uko wazi. Nikatazama uso wake nikitafuta kama anafurahia, maana kama angefurahia ningepata cha kumshikia. Hakuwa anafurahia. Alikuwa anasubiri kama alivyomsubiri mtoto aliyechora ng'ombe mwenye miguu mitano.

"Hii ni kazi yangu," nikasema. "Nimeitengeneza mimi."

Mwalimu akashika kalamu, lakini hakunipa.

"Sauti," akasema. "Mwenye nyumba hajasikia."

Nikarudia kwa sauti, na uani mkewe akaacha kupepeta.